Kobe Aliyeambiwa Ananuka

Shule ya Wang Kriang, Thep Sathit
3 Novemba 1984

Shangazi Chaluai,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na mguu wa kushoto umeacha kuvimba. Mimi sijambo. Baridi ya milimani imeanza. Asubuhi wanafunzi huja wamejifunika mablanketi gubigubi, na nikiita majina hujibu bila kutoa vichwa, kwa hiyo sina hakika kama wote waliojibu walikuwepo. Samaki wakavu uliotuma kwa basi walifika siku ya nne. Wawili walikuwa wameliwa njiani. Mifupa yao ilirudishwa mfukoni kwa uaminifu.

Nina swali la mila. Tangu baba alipofariki na kuniachia mzimu wa nyumba, wewe ndiye uliyenifundisha, kwa hiyo nakuuliza wewe.

Jumamosi iliyopita nilikuwa natembea msituni na mtu mmoja wa hapa, Mzee Khong, kwenda kuona shamba lake la pilipili. Tukakuta kobe anavuka njia. Mzee akamwokota, akaninyooshea kwa mikono miwili. Unajua hali yangu: nalala nyumba ya walimu, sina jiko langu wala nguzo ya mzimu, na kutoka hapa hadi kwetu ni mabasi matatu. Nisingeweza kumpika na kuutolea mzimu kichwa na miguu. Kumwacha kimyakimya nisingeweza pia. Basi nikasema lile neno letu la kumkataa, kwamba kobe ananuka. Nilisema kwa Kimon, lugha ya kwetu, kwa sauti ya chini, mara moja.

Swali: neno hilo likisemwa mbele ya mtu aliyemshika kobe, linafanya kazi vilevile? Na je, linaweza kufutwa?

Nauliza kwa kutaka kujua tu.

Mpwa wako,
Prayun


Photharam
27 Novemba 1984

Mwanangu Prayun,

Marahaba. Uvimbe umetoka mguuni, umehamia gotini. Mashine yangu ya kukamulia tambi ilivunjika mpini. Fundi ameufunga kwa waya na kuniambia sasa ni mpya. Mto haukujaa sana mwaka huu. Binti wa jirani Samnieng, yule anayejifunza ushonaji, amekuulizia. Hakuuliza sana, lakini mimi nilimjibu sana.

Kuhusu kobe, ulifanya sawasawa. Mzimu wetu hauna njaa ya kila kobe aliyeko nchi hii. Unataka kuheshimiwa tu. Ukikutana na kobe una njia mbili. Umchukue, umpike, mzimu ule kwanza. Au useme ananuka, uende zako. Ukishasema ananuka, humli tena, na neno halifutiki. Babu yako liliwahi kumponyoka mbele ya kobe mnene kama sufuria ya msibani. Alilia, lakini hakumla.

Sasa na mimi nina swali. Mwalimu hupewa mayai. Akipendwa sana hupewa kuku. Nina miaka sitini na minne na sijasikia mwalimu kupewa kobe kwa mikono miwili. Huyo Mzee Khong ana watoto wangapi, na binti yake mkubwa ana umri gani? Usiniambie unauliza kwa kutaka kujua tu. Mimi ndiye nauliza kwa kutaka kujua.

Tena uje nyumbani. Kikapu cha mzimu pale nguzoni kinahitaji macho ya mwenyewe. Hakuna kilichoharibika. Njoo tu. Unajua mimi niliolewa nje, mzimu wangu ni wa ukoo wa marehemu mume wangu, na hiki cha kwetu siruhusiwi kukigusa. Na sijakigusa.

Shangazi yako


Wang Kriang
22 Desemba 1984

Shangazi,

Shikamoo. Pole na goti. Huku mwalimu mkuu amepata pikipiki ya serikali, ameanguka nayo mara mbili, na sasa anaisukuma.

Mzee Khong ana watoto wanne. Binti mkubwa anaitwa Nuan, ana miaka ishirini na sita. Ananisaidia darasa la kwanza, kwa sababu watoto wadogo wa Wanyakur, wenyeji wa milima hii, hufika shuleni hawajui Kithai, na mimi nilifika sijui Kinyakur. Nilimtuma mwalimu mkuu aniposee. Yule kobe ndiye aliyekuwa jibu. Jibu lilikuwa ndiyo.

Nieleze yaliyotokea baada ya kusema lile neno.

Mzee alibaki ameshika kobe hewani. Akaniuliza, "Umesema nini?"

"Sijasema kitu, mzee. Nimekohoa."

"Umesema ananuka."

"Kumbe mzee unajua Kimon?"

"Kimon ndiyo nini? Umesema kwa lugha yangu mimi. Umeisema vibaya, kama mtu aliyejaza wali mdomoni, lakini umeisema."

Akageuka, akarudi nyumbani na kobe wake.

Mwaka jana alipita hapa mtafiti kutoka Bangkok na kinasa sauti. Alituambia Kimon na Kinyakur ni watoto wawili wa mama mmoja. Huyo mama alisemwa kwenye tambarare za huku zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Lugha nyingine za jamaa hiyo ni binamu wa mbali. Ndani ya nyumba hii tumebaki sisi wawili tu. Mimi nilidhani anasema hivyo kwa adabu ya mgeni aliyekaribishwa chakula. Kweli, samaki wao ni samaki wetu, mbili yao ni mbili yetu, na maji yao ukiyasikiliza vizuri ni maji yetu. Lakini sikufikiri kwamba baada ya miaka elfu moja ya kupoteana, pande zote mbili tungekuwa tumetunza pia neno la kunuka.

Sasa kijiji kizima kinajua. Nikiingia darasani, watoto wa mbele wananusa. Mzee Khong amemfunga kobe kwa kamba chini ya nyumba yake na anamlisha mapapai. Sharti lake ni hili: nimle kobe huyo mbele ya kijiji, nisifu harufu yake kwa sauti, ndipo nimpate Nuan. Na mimi siwezi kumla. Nimemweleza habari za mzimu wetu. Akasema, "Mzimu wako una pua ya ajabu."

Naomba ushauri.

Prayun


Photharam
15 Januari 1985

Prayun,

Marahaba. Goti ni lilelile. Mashine imevunjika tena.

Nimesoma barua yako mara tatu, mara moja nikiwa nimesimama. Umekwenda kufundisha, umerudi na mchumba wa mlimani, baba mkwe mwenye kobe na kijiji kinachokunusa. Na binti wa Samnieng yupo hapa hapa, hatua arobaini kutoka mlangoni, ameshona mapazia ya hekalu zima.

Humli huyo kobe. Hilo limekwisha.

Na mwambie huyo mzee jambo moja kutoka kwangu. Sisi Wamon tulikuwa na wafalme. Tulikuwa na maandishi. Waburma walipotaka kuandika walikuja kuchungulia kwetu. Tulikuwa na watawa na vitabu wakati wengine wanahesabu miti. Kama ni kweli tumezaliwa nyumba moja, basi wakubwa ni sisi. Na mdogo hamwekei mkubwa masharti.

Kikapu kiko salama. Bado nakuomba uje ukitazame. Ukija, njoo mchana, kuna mwanga mzuri wa kutoka mbele. Ukitazama kwa mbali utakiona vizuri zaidi.

Shangazi


Wang Kriang
9 Februari 1985

Shangazi,

Shikamoo. Nilifanya kosa. Mzee Khong alisikia nimepata barua akataka asomewe, nami nikamsomea yote, pamoja na ile ya kuhesabu miti. Alisikiliza akichonga mpini wa jembe. Majibu yake nayaandika kama alivyoyasema.

"Mkubwa ni nani? Mkubwa ni yule anayebaki na nyumba na mizimu. Mdogo ndiye anayeondoka kutafuta maisha. Akipata, anarudi na saa mkononi, anawaambia waliobaki kwamba hawajui kuvaa. Hao Wamon wako waliondoka?"

Nikasema waliondoka. Wengine wako Burma, wengine walirudi, babu zetu walifika Photharam wakikimbia vita.

"Sisi hatukukimbia. Vita vyenyewe havikujua tuko wapi. Na hao wafalme wao, wako wapi sasa?"

"Hawapo tena, mzee."

"Wetu pia hawapo. Lakini sisi hatukusumbuka kuwalisha."

Mama yake Nuan alikuwa anachambua pilipili. Akasema, "Khong, unagombana na karatasi."

Halafu mzee akasema jambo ambalo naomba ulifikirie. Alisema mkubwa anaweza kumsamehe mdogo ulimi wake, kwa sababu mdogo hana akili. Lakini mdogo hawezi kumsamehe mkubwa. Kwa hiyo kama nyumba yetu itakiri kwa maandishi kwamba Wanyakur ndio wakubwa, yeye kama kaka mkubwa atalisamehe neno langu, na kobe atafunguliwa bila kuliwa na mtu. Mzimu wetu hautakuwa na la kulalamika. Kijiji hakitakuwa na la kunusa.

Karatasi hiyo lazima iandikwe na mkubwa wa nyumba yetu aliye hai. Huyo ni wewe.

Nuan anakusalimu. Amesema nisikusukume.

Prayun


Wang Kriang
29 Aprili 1985

Shangazi,

Shikamoo. Nilifika salama kutoka kwako baada ya mapumziko ya mwaka mpya wetu wa Aprili. Basi la pili liliharibika tairi. Abiria tulilisukuma hadi duka la soda, ambapo dereva alikumbuka kuwa ana tairi la akiba.

Asante kwa tambi, kwa maji ya kunawa mikono na kwa kunialika chai na Samnieng na binti yake siku tatu mfululizo. Barua yangu ya Februari na nyingine ya Machi ulisema zimepotelea posta. Nilizikuta zote mbili chini ya mkeka wako, zimefunguliwa.

Ulipokuwa hekaluni, nilikiteremsha kikapu cha mzimu kama ulivyoniomba tangu Novemba. Naeleza nilichokiona; sisemi kilitokeaje. Kikapu kina tundu upande wa chini, ukubwa wa tundu la panya. Nguo nyekundu ya babu iliyomo ndani, ambayo ndiyo vazi la mzimu, ina kiraka. Kiraka ni cha maua ya bluu. Pazia la chumbani kwako lina maua ya bluu, na pembe yake moja imepungua kipande kinacholingana na kiraka hicho. Ushonaji ni wa uzi mara mbili, mzuri. Panya hashoni.

Uliporudi ukanikuta nimeshika kikapu, ukaniuliza kama nitakula sasa au baadaye. Nikasema sasa. Tukala.

Mimi ndiye mwenye mzimu, na uamuzi ni wangu. Nguo iliyokwisha kushonwa si nguo iliyoharibika. Kwa hiyo sitauita ukoo mzima kwa ngoma ya siku nzima ya kuutuliza mzimu, wala mganga hatauliza mbele ya watu nani aliyegusa. Nimeamua hivyo bila sharti lolote.

Nakukumbusha pia kwamba Mzee Khong bado anangojea karatasi. Haya ni mambo mawili tofauti, nimeyaweka kwenye barua moja kwa sababu ya bei ya stempu.

Prayun


Photharam
16 Mei 1985

Prayun,

Nakutumia karatasi mbili. Ya kwanza isome mbele ya watu. Hii ya pili ichome.

Usijidai umenishinda. Nimefikiri mwenyewe. Wewe una miaka thelathini na mbili na chai siku tatu hukuinua macho kumtazama yule binti. Nikasema basi, huyu ameshakwenda. Pazia lile lilikuwa safi, nilikuwa nimelifua siku hiyo. Panya nilimwona akitoka, na ningekaa nimekunja mikono mpaka mwenye mzimu apate likizo ya serikali? Mzimu ungebaki uchi.

Ulimi unaniwasha kama nimelamba upupu. Mstari wa mwisho usome polepole, aufurahie.

Shangazi

[Karatasi ya kwanza]

Mimi Chaluai wa Photharam, kwa niaba ya nyumba ya marehemu kaka yangu, nakiri kwamba Wanyakur ni wakubwa na Wamon ni wadogo, kwa kuwa Wanyakur walibaki nyumbani. Neno alilosema mpwa wangu mbele ya kobe lilikuwa la mila yetu wala halikuwa la dharau. Lakini mkubwa akiona lafaa kusamehewa, na alisamehe. Kuanzia leo Mzee Khong ni kaka yangu mkubwa. Shikamoo, kaka. Haki zote za mkubwa ni zake, na wajibu wote wa mkubwa ni wake.


Wang Kriang
2 Juni 1985

Shangazi,

Shikamoo, na asante. Nilisoma karatasi Jumapili iliyopita, uwanja wa shule, watu kama themanini wakiwepo. Mzee Khong alivaa shati lenye mikono mirefu. Nilipofika mwisho akasema hakusikia vizuri. Nikarudia. Akasema mke wake naye hakusikia. Mkewe akasema, "Mimi nilisikia tangu mara ya kwanza." Nikasoma mara ya tatu.

Nikamwambia Nuan pembeni kwamba sasa ingetosha. Akasema, "Baba amengoja miaka elfu moja kuwa mkubwa wa mtu. Usimharakishe."

Mzee alimfungua kobe mwenyewe, akambeba hadi palepale njiani tulipomkuta, watu wote wakifuata. Kwa mapapai ya miezi saba, kobe alikuwa mzito na hakuonyesha nia ya kuondoka. Mzee akamgeuzia kichwa upande wa msituni, akasema, "Mkubwa amesamehe. Nendeni nyumbani wote." Tangu siku ile watoto wameacha kunusa, isipokuwa mmoja ambaye nadhani ana mafua.

Harusi ni Jumapili tarehe 23 Juni, kabla watawa hawajaingia ndani kwa miezi ya mvua. Mzee anatembea kijijini akiwaambia watu kwamba ana mdogo wake huko bondeni, mwanamke mwenye kiwanda cha tambi. Anauliza kama mtakuja, na mko wangapi. Nimemwambia labda watatu.

Prayun


Photharam
9 Juni 1985

Mwanangu Prayun,

Marahaba. Goti limepona kabisa. Nadhani lilikuwa hasira.

Mwambie kaka yangu mkubwa nimefurahi kusikia afya yake njema. Mwambie pia hivi. Huku kwetu harusi huwa nyumbani kwa mkubwa. Mkubwa ndiye mwenye vyungu, mchele, nguruwe na mahali pa kulala. Wadogo huja na mikono, matumbo na nyimbo. Ningekuwa mimi mkubwa ningebeba mzigo huo bila kunung'unika, nilikuwa tayari kabisa, wewe ni shahidi. Lakini yeye ana hoja zenye nguvu kuliko zangu.

Tunakuja kwa malori mawili. Ukoo wa baba yako ni watu ishirini na tisa. Ukoo wa mume wangu wanasema hawajawahi kuona mlima, ni kumi na wanne. Wapiga ngoma sita, ambao wanakula kama kumi. Samnieng na binti yake, kwa sababu nguo ya bibi harusi lazima ishonwe na mtu anayejua, na yule binti amepata mchumba wa kwake, fundi wa mashine yangu ya tambi, naye anakuja kwa sababu lori la pili ni lake. Bibi mmoja wa upande wa mume wangu hana meno, apikiwe laini. Jumla, pamoja nami, ni hamsini na tatu, bila kuhesabu watoto wa kubebwa.

Tutakaa siku tatu. Wadogo hawaondoki haraka nyumbani kwa kaka yao.

Msalimu Nuan. Mwambie nampenda tangu uliponiandikia alivyosema kuhusu ile miaka elfu.

Shangazi yako Chaluai


Wang Kriang
17 Juni 1985

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika leo mchana na nimemsomea Mzee Khong kibarazani kwake. Alianza kusikiliza akitabasamu. Kwenye wapiga ngoma sita akaweka jembe chini.

Akaniambia, "Soma tena hapo pa wajibu wa mkubwa."

"Hapo pako kwenye karatasi ya kwanza, mzee. Nilisoma mara tatu."

Akamgeukia mkewe. "Tuna nguruwe wangapi?"

"Mmoja," akasema mkewe. "Na anakohoa."

"Mchele?"

"Wa kwetu sisi upo."

Nuan alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, akaficha uso kwenye kitambaa. Mama yake akamwambia aache, baba yake anafikiri. Halafu mama naye akaanza.

Hata hivyo mzee ameshakopa nguruwe wawili kwa shemeji yake na amemtuma mwalimu mkuu kuleta magunia ya mchele kwa pikipiki, ambayo sasa inasukumwa na watu wawili. Darasa la kwanza na la pili yatakuwa malazi. Harusi ipo palepale, Jumapili, na Nuan amesema hata ikibidi kugawana tambi mojamoja atanioa yeye. Nimemwambia kwa adabu kwamba huwa ni mwanamume anayeoa. Hapana, futa hilo, nilimwambia ndiyo.

Kabla ya kufunga barua mzee ameniita tena. Amefikiri sana kuhusu wafalme wetu, na maandishi, na wale watawa na vitabu vyao. Anasema ni mambo makubwa, na huenda aliyapuuza kwa haraka. Kwa kifupi, shangazi, anauliza kama bado kuna nafasi ya kuwa mdogo.

Nimeitia barua hii kwenye gari la posta la jioni ili ikuwahi.

Prayun


SIMU YA MAANDISHI
Photharam, 20 Juni 1985

MWAMBIE KAKA NAFASI IMEJAA. TUNAONDOKA KESHO ALFAJIRI. CHALUAI